Kuba Linalovuja: Bayogesi na Kazi ya Fundi katika Nyanda za Majani Chai za Kericho na Bomet

Anayeijua Kericho kwa picha za kalenda huijua kwa ukijani wa michai yake. Anayeijua kwa kulala huko huijua kwa baridi. Mji wenyewe umo kwenye mwinuko wa takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mvua hunyesha alasiri nyingi za mwaka, na usiku hali ya hewa huweza kushuka hadi nyuzi 10 za Selsiasi au chini ya hapo. Hali ni iyo hiyo katika Konoin na sehemu za juu za Bomet zinazopakana na Msitu wa Mau. Katika mazingira ya namna hii, moto wa jikoni haukuwashwa kwa ajili ya kupikia tu. Huota wazee, hukausha mahindi yaliyowekwa darini na kuwafukuza dumuzi, na hutoa makaa ya mti wa senetwet yanayotumiwa kupaka kibuyu cha mursik. Jiko la udongo liitwalo chepkube, ambalo wengi wetu tuliozaliwa huko tumelikuta kwa bibi zetu, lina hata mahali maalumu pa kuhifadhia chakula kisipoe.

Moto huo, hata hivyo, una moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 ulimwenguni, na waathiriwa wakuu ni wale wakaao karibu na jiko, yaani akina mama na watoto wadogo. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya familia nchini zilitegemea kuni kwa kupikia. Kuni nazo zimeadimika. Viwanda vya majani chai huhitaji mikalitusi mingi kwa matanuri yao, na mwaka 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma. Mkulima mdogo amebaki kutegemea matawi yanayopatikana michai inapopogolewa, na hayo hayapatikani kila mwaka.

Makala haya yanakusudia kueleza njia moja ya kuepukana na moshi huo, nayo ni mtambo wa bayogesi. Hoja yetu, hata hivyo, haihusu ubora wa mtambo wenyewe. Mtambo huo umekwisha kuthibitishwa kitambo. Tunachodai ni kwamba mitambo mingi inayokufa huku kwetu haiuawi na upungufu wa elimu ya sayansi, bali na saruji iliyopakwa vibaya, na kwamba jambo hili halijapewa uzito unaostahili.

Tatizo lenyewe si la Kericho pekee. Katika nchi za Ulaya, watu wengi sasa wanaacha kupasha nyumba joto kwa gesi na mafuta, na badala yake wanafunga pampu za joto. Hii ni mashine ikusanyayo joto hafifu lililomo katika hewa ya nje au ardhini na kulisukuma ndani ya nyumba, kama vile jokofu linavyotoa joto katika chakula na kulitema nyuma yake. Mwaka 2010, taasisi ya Energy Saving Trust ya Uingereza ilitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nyumba zaidi ya 80. Ilidhihirika kwamba mashine za aina moja zilifanya kazi vyema katika nyumba fulani na vibaya katika nyumba nyingine, na miongoni mwa sababu kuu ni jinsi zilivyopimwa, zilivyofungwa na zilivyotumiwa. Ikiwa hali ni hiyo kwa mashine itokayo kiwandani ikiwa tayari imeundwa, je, itakuwaje kwa mtambo unaojengwa tofali kwa tofali shimoni, nyuma ya zizi, mvua ikinyesha?

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu istilahi. Wapo wasemao biogesi, wapo wasemao gesi ya samadi, na istilahi hii ya pili ina uzuri wake kwa kuwa inajieleza. Nimechagua bayogesi kwa sababu ndilo neno nililolisikia vinywani mwa mafundi na wafugaji, na mwenye kazi ndiye mwenye haki ya kuipa jina.

Sasa tuutazame mtambo. Ulioenea sana Kenya ni ule wenye kuba lisilosogea. Huchimbwa shimo la mviringo, na ndani yake hujengwa chumba cha matofali chenye umbo la chungu kilichofunikwa. Samadi mbichi huchanganywa na maji kwa kiasi sawa katika beseni lililo upande wa zizi, kisha rojo hiyo huteremka chumbani. Humo hamna hewa. Vijidudu visivyohitaji oksijeni huila samadi na kutoa gesi ambayo zaidi ya nusu yake ni methani, nayo ndiyo iwakayo. Gesi hupanda na kujikusanya chini ya kuba. Kadiri inavyoongezeka ndivyo inavyoisukuma rojo itoke kwenda katika chumba cha pili kilicho upande wa chini. Mama akifungua koki jikoni, rojo iliyosukumwa hurudi na kuibana gesi itoke. Hakuna mota wala umeme. Uzito wa rojo ndio unaofanya kazi yote.

Ubora wa mtambo umo katika maelezo hayo, na udhaifu wake umo humo humo. Gesi iliyo chini ya kuba imebanwa, na ukuta wa matofali, ambao ni hodari wa kubeba mzigo unaouelemea, ni mnyonge unaposukumwa kutoka ndani. Ndiyo maana kuba hufunikwa kwa udongo ulioshindiliwa, ili uzito wake ulikandamize. Ndiyo maana pia upande wa ndani hupakwa tabaka kadhaa za lipu, moja baada ya nyingine, pamoja na dawa ya kuzuia upenyo. Tofali lina vinyweleo, na saruji peke yake haizuii gesi. Ufa usioonekana kwa macho unatosha kuifanya familia irudi kwenye kuni.

Wabunifu waliliona hili mapema. Katika miaka ya 1980, kituo cha CAMARTEC mjini Arusha kilibuni kuba lenye jambo la kustaajabisha: nyufa hazikuzuiwa bali zilitengewa mahali. Kati ya ukuta wa chini na kuba la juu huwekwa pete dhaifu, na juu yake pete imara. Ardhi ikititia, ufa hutokea kwenye pete dhaifu, mahali palipo na rojo tu, na pete imara huuzuia usipande hadi palipo na gesi. Mtambo uitwao KENBIM, uliosambazwa Kenya na mpango wa kitaifa wa bayogesi ulioanza mwaka 2009, umetokana na muundo huo wa Arusha. Fundi asiyeelewa kazi ya pete hiyo dhaifu huiona kama kosa katika mchoro, akaijaza saruji kwa nia njema kabisa.

Nina sababu ya kulifuatilia jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita, shangazi yangu aishiye Konoin alitumia bonasi yake ya majani chai pamoja na mkopo mdogo kujengewa mtambo. Bonasi, kwa asiyejua, ni malipo ya mwisho wa mwaka ambayo mkulima wa majani chai huyasubiri kwa karo na madeni, na kwa wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa imekuwa ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki. Fundi alikuja mwezi wa Aprili, mvua zilipokuwa zimepamba moto. Alipaka lipu tabaka mbili kwa siku mbili, akarudishia udongo siku ya tatu, na baada ya wiki chache akawasha jiko mbele ya majirani. Moto ulikuwa wa samawati, mzuri. Watu walipiga makofi. Alilipwa, akaenda.

Mwezi wa pili moto ulianza kusinyaa. Shangazi aliongeza samadi, akaongeza maji, akadhani ng'ombe wake hawali vizuri. Fundi mwingine alipoitwa, alipaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba na hakuona kitu. Alifukua udongo juu ya kuba na kupaka povu huko, na hapo mapovu yakaanza kutokota yenyewe. Kulitengeneza kungehitaji kuukomba mtambo wote. Mpaka leo haujakombwa, na ndama hufungwa juu yake. "Mwanangu, mimi nilionyeshwa moto," shangazi aliniambia, "sikuonyeshwa kama moto utakaa." Familia tatu za jirani zilizokuwa zimekusudia kujenga zilighairi. Hasara hiyo ya pili haiandikwi katika ripoti yoyote.

Je, shangazi angeonyeshwa nini? Kipo kipimo, nacho ni rahisi. Kabla ya kuweka samadi, mtambo hujazwa maji na kuachwa ili ionekane kama yanapungua. Baadaye koki hufungwa, maji huongezwa ili hewa ibanwe chini ya kuba, na bomba jembamba linalopitisha mwanga, lililopindwa mithili ya herufi U na kutiwa maji, huunganishwa na bomba la gesi. Hewa ikibanwa, maji hupanda upande mmoja. Yakikaa hapo hapo mchana na usiku, kuba halivuji. Yakishuka, linavuja, na fundi hana budi kurudi ndani. Bomba hilo ni la bei nafuu mno. Mkulima angeweza kuzuia sehemu ya mwisho ya malipo mpaka alione kwa macho yake.

Baridi ya nyanda za juu nayo huleta hesabu yake. Tuseme ng'ombe wawili wanaolishwa zizini hutoa kilo 30 za samadi kwa siku. Ukiongeza maji, unapata lita 60 za rojo. Vijidudu hufanya kazi kwa kasi penye joto, hivyo katika nchi ya joto rojo hiyo yaweza kukaa chumbani siku 50 tu na kutoa gesi ya kutosha, na chumba cha lita 3,000 kikatosha. Penye baridi ya Kericho huenda ikahitaji siku 100, na nafasi ya lita 6,000, kwa ng'ombe wale wale. Mambo yakienda sawa, familia hupata moto wa jiko moja kwa muda wa saa mbili au tatu kwa siku. Fundi aliyejifunzia kazi bondeni akileta vipimo vya bondeni, mtambo utatema samadi ambayo haijameng'enywa. Yupo na wa pili, ambaye hulipwa kulingana na ukubwa wa mtambo, naye humjengea mwenye ng'ombe wawili chumba cha ng'ombe sita. Kadhalika kuba lisiwekwe chini ya mikalitusi. Kivuli chake hulinyima jua, na mizizi yake haina adabu.

Bomba la kwenda jikoni pia lina siri yake. Gesi hutoka mtamboni ikiwa na unyevu, na usiku wa baridi unyevu huo hugeuka maji ndani ya bomba. Bomba lisipolazwa kwa mteremko hadi penye kitegamaji, maji hukusanyika palipobonyea na moto ukawa unarukaruka. Nimesikia watu wakilaumu ng'ombe kwa kosa hilo.

Jambo moja ni la uhai, na sitalipita haraka. Mtambo uliowahi kutiwa samadi usiingiwe hovyo kwa ajili ya matengenezo. Gesi iliyobaki huondoa hewa ya kuvuta, na mtu huzimia kabla hajajua kinachomfika. Mwenzake akishuka kumwokoa, huanguka naye. Mtambo hukombwa, huachwa wazi na kupitishwa hewa kwa siku kadhaa, na anayeingia hufungwa kamba iliyoshikwa na watu walio nje.

Historia ya bayogesi nchini Kenya ilianza mwaka 1957, pale mkulima wa kahawa aitwaye Tim Hutchinson alipojenga mtambo shambani mwake. Tangu hapo imekuja miradi mingi, na karibu yote imependa kuhesabu mitambo iliyojengwa. Iliyo hai baada ya miaka mitano huhesabiwa kwa nadra. Kwa maoni yangu, hesabu hiyo ya pili ndiyo ingefaa kuamua ni fundi gani apewe kazi tena.

Wala isidhaniwe kuwa mtambo uliojengwa vyema huzima moto wote. Katika boma moja lisilo mbali na kwa shangazi, upo mtambo ambao umefanya kazi kwa miaka mingi. Fundi wake hupita huko kila anapokuwa na kazi kijijini, akatazama maji ya lile bomba lililoachwa ukutani. Chai ya asubuhi na uji wa watoto hupikwa kwa gesi, bila moshi, wakati ambapo mama ana haraka zaidi. Jioni baridi inapoingia, bibi wa boma hilo bado huchochea kuni tatu kwa ajili ya kuota na kwa ajili ya mahindi ya darini, na hakuna anayemgombeza. Kuni ambazo zamani zilikwisha kwa wiki moja, sasa humfikisha karibu mwisho wa mwezi.