Mzigo kwa Mifupa Iliyodhoofika

Mfupa ni kiungo hai. Chembe za aina moja huyeyusha sehemu zilizochakaa, za aina nyingine hujenga upya palipobomolewa. Hadi kwenye umri wa miaka 30 hivi ujenzi huwa mbele. Baadaye ubomoaji huuzidi, na kwa mwanamke huongezeka kasi hedhi inapokoma kwa sababu homoni ya estrojeni hupungua. Mfupa ukipungua hadi kuweza kuvunjika kwa mwanguko mdogo tu, hali hiyo huitwa osteoporosisi. Haina maumivu ya kumshtua mtu mapema. Mzee wa Maswa au Itilima, wilaya za wakulima wa pamba mkoani Simiyu, Tanzania, huigundua siku anapojikwaa kizingitini na kuvunjika nyonga, au mgongo unapopinda na kimo kupungua, mambo ambayo ndugu huyahesabu kuwa uzee tu.

Dawa zipo, lakini mfupa huitikia pia mzigo. Mfupa unapopindwa kidogo na uzito, chembe zilizomo ndani yake huhisi, nazo huamsha ujenzi mahali hapohapo. Sharti ni mzigo uzidi ule uliozoeleka. Ndiyo maana si sahihi kudhani kwamba mkulima hahitaji mazoezi. Mwanamke aliyebeba ndoo ya lita 20 tangu ujana ana mifupa iliyokwisha kujipima na ndoo hiyo. Kuendelea kuibeba huilinda mifupa, hakuiongezi. Tena kilimo cha pamba kina misimu: kupanda Novemba na Desemba, kisha palizi, kuvuna kuanzia Mei au Juni, halafu miezi ya kiangazi yenye kazi chache. Umri ukisogea, wajukuu humpokea bibi ndoo. Ni heshima anayostahili, ila mifupa na misuli yake inakosa kitu cha kusukumana nacho. Palizi yenyewe ina hatari yake: kuinama kwa muda mrefu huku mgongo umekunjwa hubana pingili upande wa mbele, na pingili dhaifu hupondeka.

Je, mwili wa uzeeni bado unaweza kuimarika? Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walitoa matokeo ya mafunzo ya wiki 8 huko Boston, Marekani, kwa wazee wa miaka 86 hadi 96 wa makao ya wazee. Nguvu za misuli ya mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kuhusu mfupa wenyewe, utafiti wa Australia uliochapishwa 2018 uliwahusisha wanawake 101 waliokoma hedhi na wenye mifupa hafifu. Waliofanya mazoezi mazito mara 2 kwa wiki, dakika 30 kila mara, kwa miezi 8, waliongeza msongamano wa mfupa wa kiuno kwa asilimia 2.9, wa kundi jingine walipoteza 1.2. Walikuwa wakisimamiwa na mtaalamu muda wote, na uzito uliongezwa hatua kwa hatua.

Bariadi, mkoani humohumo Simiyu, hakuna ulazima wa vyuma vya gharama. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo dumu ni mizani tosha. Mzee huanza kwa kuketi kitini na kuinuka bila kushika popote. Akizoea, hukumbatia dumu lenye lita 2 kifuani, kisha 3. Dumu huinuliwa kutoka juu ya kigoda, si ardhini: nyonga zirudi nyuma, mgongo ubaki umenyooka. Seti 2 au 3 za marudio 8 hivi, mara 2 kwa wiki, zinatosha mwanzoni, ilimradi marudio ya mwisho yawe magumu. Yakiwa mepesi, lita moja huongezwa. Kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta huongezwa kila siku, maana mifupa mingi huvunjika kwa kuanguka.

Pumzi isizuiwe wakati wa kuinua, kwani shinikizo la damu hupanda ghafla. Aliyewahi kuvunjika kwa mwanguko mdogo, mwenye maumivu mapya ya mgongo au mwenye shinikizo lisilodhibitiwa aanzie kwa daktari na mtaalamu wa fiziotherapia. Mfupa unahitaji pia malighafi: dagaa wanaoliwa na mifupa yao na maziwa hutoa kalsiamu, maharage huongeza protini, na jua husaidia ngozi kutengeneza vitamini D. Misuli huonyesha mabadiliko ndani ya wiki chache, mfupa huchukua miezi 6 au zaidi, na mazoezi yakiachwa faida hiyo hupotea taratibu.