MGENI NJOO, MWENYEJI APONE
Ndege wanaokuja Gairo na mvua

Kila mwaka mvua zinapokaribia, Gairo hupata wageni. Wageni hawa hawaji kwa basi la barabara ya Dodoma. Hawana mizigo wala hawapigi hodi. Wanatoka angani, na wametoka mbali sana. Wageni hawa ni ndege.

Wengi wetu tumewaona. Tunapolima, wengine hutembea shambani nyuma yetu wakiokota wadudu. Kumbikumbi wanapotoka ardhini, wengine huruka huku na huku wakiwadaka. Kisha, mwezi wa Machi na Aprili, hatuwaoni tena.

Je, wanatoka wapi? Wanafuata nini? Wanapoondoka, wanakwenda wapi? Tena, mkulima anapata faida gani kwa kuwajua? Ndugu msomaji, soma habari hii, kisha wasomee wenzako nyumbani.

KWA NINI NDEGE HUHAMA

Nchi za Ulaya na za kaskazini ya Asia zina majira ya baridi kali. Ardhi huganda. Wadudu hufa au hujificha. Ndege anayeishi kwa kula wadudu hukosa chakula. Kwa hiyo huondoka kabla ya baridi kuanza. Anakuja Afrika, kwa sababu huku mvua huleta panzi, viwavi na kumbikumbi.

Ifikapo mwezi wa Machi, baridi ya kule huanza kupungua. Miti huchipua. Mchana huwa mrefu na wadudu huwa wengi. Hapo ndege hurudi kwao kutaga mayai na kulea makinda. Sisi huku tunawaaga, na watu wa kule wanawapokea.

Njia yao ni ndefu. Korongo weupe wengi wanaokuja Afrika Mashariki hupita Uturuki, Misri na Sudani. Hawapendi kukatiza bahari kubwa. Hupaa kwa kufuata hewa ya joto inayopanda juu kutoka ardhini. Ndiyo maana tunawaona wakizunguka angani bila kupiga mabawa.

MKUKI ULIOFIKA UJERUMANI

Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege hao huenda wapi wakati wa baridi. Wengine waliamini kwamba mbayuwayu hujificha ndani ya matope, chini ya maziwa.

Mwaka 1822 jambo la ajabu lilitokea. Karibu na mji wa Klütz, nchini Ujerumani, korongo mmoja aliuawa. Watu walipomtazama, walikuta mkuki umepita shingoni mwake. Urefu wa mkuki ulikuwa kama sentimita 80. Tena haukuwa mkuki wa Ujerumani. Ulikuwa mkuki wa Afrika.

Korongo huyo alichomwa mkuki huku Afrika, lakini hakufa. Aliruka nao mpaka Ujerumani. Mwili wake ulikaushwa, na mpaka leo umehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Hivyo mkuki wa mwindaji wa Afrika uliwafundisha wataalamu wa Ulaya.

Baadaye wataalamu walianza kuwavika ndege pete ndogo miguuni. Kila pete ina namba yake. Mwaka 1911 mbayuwayu mmoja alivikwa pete nchini Uingereza. Mwezi wa Desemba mwaka 1912 alikamatwa Natal, Afrika ya Kusini. Pete ile ilionyesha alikotoka.

Ukiokota ndege aliyekufa mwenye pete, usiitupe. Andika namba zote na maneno yote yaliyo juu yake. Andika pia tarehe na mahali ulipomwokota. Kisha peleka habari hiyo kwa ofisa wa wanyamapori.

TUWATAMBUE WAGENI WETU

Korongo mweupe. Ni ndege mkubwa. Mwili wake ni mweupe na mabawa yake yana weusi. Mdomo na miguu ni myekundu. Korongo tunayemsema hapa ni ndege, si lile korongo linalochimbwa na maji ya mvua!

Korongo mweusi mwenye tumbo jeupe. Huyu hatoki Ulaya. Ni Mwafrika mwenzetu. Hutaga mayai katika nchi kama Sudani wakati wa mvua za kule. Mvua za kule zikiisha, anakuja huku kufuata mvua zetu. Huko kwao hujenga viota hata juu ya mapaa ya nyumba, na wenyeji hufurahi kumwona.

Mbayuwayu wa Ulaya. Ni mdogo sana. Uzito wake ni kama gramu 20, yaani kama vijiko vitano vidogo vya sukari. Mgongo wake ni wa buluu iliyoiva na koo lake ni la rangi ya matofali. Mkia wake una panda mbili ndefu. Hajengi kiota huku. Wale wanaojenga kwenye nyumba zetu ni ndugu zake wa hapa hapa.

Kozi wa Amur. Huyu ni kozi mdogo. Dume ni wa rangi ya kijivu na miguu yake ni myekundu. Hutoka kaskazini ya China na mashariki ya Urusi. Hupita India, kisha hukatiza Bahari ya Hindi. Huruka zaidi ya kilomita 3,000 bila kutua. Akifika huku hupenda sana kula kumbikumbi.

Ndege hawa wana majina pia katika lugha zetu za nyumbani. Waulize wazee, kisha yaandike majina hayo yasije yakapotea.

KORONGO NA VIWAVIJESHI

Mkulima wa Gairo anajua taabu ya viwavijeshi. Nondo hutaga mayai usiku. Viwavi vikiangua huwa vidogo, na si rahisi kuviona. Baada ya siku chache hugeuka vyeusi. Huenda pamoja kama jeshi na kumaliza mahindi, mtama na majani ya malisho.

Korongo hula viwavi hivyo. Wakiona mahali penye viwavi vingi, hushuka kwa makundi. Hula pia panzi na nzige. Kwa hiyo ukiona korongo wengi wametua shambani au malishoni, usiwafukuze mbio. Kwanza nenda ukaangalie chini. Fungua majani. Tazama udongo. Ukikuta viwavijeshi, toa habari siku hiyo hiyo kwa bwana shamba au bibi shamba.

Tuseme ukweli. Korongo peke yao hawawezi kumaliza viwavijeshi vikishakuwa vingi mno. Lakini hupunguza, na tena hutuonyesha mahali vilipo. Kila siku moja unayowahi ni debe la mahindi uliloliokoa.

Tena tusichanganye mambo. Kuna viwavijeshi vamizi, ambavyo vilionekana nchini mwaka 2017. Hivyo hujificha ndani ya moyo wa mhindi. Korongo ni vigumu kuvifikia. Kwa hivyo inatubidi kukagua mahindi wenyewe, mche kwa mche.

Kuangalia na kuandika si jambo jipya kwetu. Katika msimu wa mvua wa mwaka 2001 na 2002, vijiji vya Wilaya ya Kilosa vilijaribu mpango wa kutabiri viwavijeshi. Wakati huo Gairo ilikuwa bado sehemu ya Kilosa. Ilipata kuwa wilaya yake mwaka 2012. Wanakijiji walitega mitego ya kunasa nondo. Walihesabu nondo na kupima mvua. Kwa hesabu hizo waliwaonya wakulima wenzao mapema. Kazi hiyo ilifanywa na wanakijiji wenyewe, kwa kalamu na daftari.

SI KILA NDEGE NI ADUI

Wako ndege waharibifu. Mkubwa wao ni kwelea kwelea. Ndege mmoja anaweza kula au kuharibu kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Hizo ni kidogo. Lakini kundi la kwelea kwelea 1,000,000 huharibu tani 10 kwa siku moja. Mkulima wa mtama au uwele ana haki ya kuwachukia.

Lakini kwelea kwelea hula mbegu. Korongo, mbayuwayu na kozi hula wadudu na wanyama wadogo. Hawali mtama wako. Mtoto anayempiga mbayuwayu kwa manati amempiga kibarua anayefanya kazi bila mshahara.

Hatari kubwa zaidi ni sumu. Dawa inayopuliziwa kwelea kwelea huweza pia kuua mwewe, bundi na ndege wengine wanaokuja kuwala. Kwa sababu hiyo, kazi ya kupulizia iachiwe wataalamu waliotumwa na serikali. Toa habari mapema mkiona mahali wanapolala. Usiokote ndege waliokufa kwa dawa, wala usiwale, wala usiwape mbwa. Katika Wilaya ya Kondoa watu huwanasa kwelea kwelea kwa mitego na kuwafanya kitoweo. Njia hiyo haitii sumu katika maji wala katika udongo.

Jambo jingine ni sheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda wanyamapori bila kibali.

SIKU YA KUANGALIA NDEGE KIJIJINI

Duniani kuna sikukuu ya ndege hawa. Inaitwa Siku ya Ndege Wahamao Duniani. Ilianza mwaka 2006, na uzinduzi ulifanyika Laikipia, kwa jirani zetu wa Kenya. Tangu mwaka 2018 huadhimishwa mara mbili kwa mwaka: Jumamosi ya pili ya mwezi wa Mei, na Jumamosi ya pili ya mwezi wa Oktoba.

Kijiji chochote kinaweza kufanya siku kama hiyo. Mnaweza pia kuchagua siku yenu wenyewe: moja baada ya mvua za kwanza, kuwapokea wageni, na nyingine mwezi wa Machi, kuwaaga. Haihitaji fedha nyingi. Fanyeni hivi:

1. Kutaneni asubuhi, saa 12 au saa 1, kabla jua halijawa kali.

2. Gawaneni vikundi vya watu watano. Kila kikundi kiwe na mzee anayejua majina ya ndege, na kijana anayejua kuandika.

3. Kikundi kimoja kiende bwawani, kingine mashambani, kingine malishoni. Tembeeni polepole. Msipige kelele. Manati yaachwe nyumbani.

4. Andikeni tarehe, mahali, jina la ndege, idadi yake, na anachofanya. Kama hamjui jina, andikeni ukubwa, rangi, mdomo na miguu.

5. Kundi likiwa kubwa, hesabuni ndege kumi kwanza. Angalieni kumi hao wamejaza nafasi gani. Kisha kadirieni kundi zima lina kumi ngapi.

6. Saa 4 rudini chini ya mti. Kila kikundi kisome kilichoandika, na wote wasikie. Hapo ngoma na chakula vifuate.

Daftari lile litunzwe katika ofisi ya kijiji au shuleni. Mwaka ujao andikeni tena: korongo wa kwanza walionekana lini? Wa mwisho waliondoka lini? Viwavijeshi vilionekana lini? Baada ya miaka mitano au kumi, kijiji kitakuwa na elimu yake chenyewe. Mtajua kama wageni wanaongezeka au wanapungua, na kama wanachelewa au wanawahi.

Wageni hawa wanahitaji miti ya kulala, maji ya kunywa, na mashamba yasiyo na sumu ovyo. Mambo hayo matatu tunayahitaji sisi pia. Tupande miti. Tutunze mabwawa. Tufuate maagizo ya bwana shamba na bibi shamba tunapotumia dawa. Mvua zikirudi, korongo nao watakuja, na kalamu iwe tayari.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni ndege gani wanaofika kijijini kwenu mvua zinapoanza? Wanaitwaje katika lugha ya nyumbani?

2. Ukiona korongo wengi wametua shambani kwako, utafanya nini kwanza?

3. Kuna tofauti gani kati ya kwelea kwelea na mbayuwayu kwa mkulima?

4. Nani katika kijiji chenu anaweza kutunza daftari la ndege?