Bega Likitoka Mahali Pake: Kurudisha Tu, au Kupasua?



Ninyi mnaokaa Kibati, kaskazini ya Goma, mnaona kila siku vijana wakishusha mizigo kwa chukudu kwenye barabara ya Rutshuru. Magunia ya viazi na makaa yanateremka mbio. Gurudumu likigonga jiwe la volkano, mwendeshaji anaanguka huku amenyoosha mkono. Mchimbaji anayeteleza ngazini anafanya vilevile. Uzito wote wa mwili unafika begani, na mfupa unatoka mahali pake.

Kwa nini bega? Kwa sababu hakuna kiungo kingine kinachogeuka pande nyingi kama hilo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, lakini kishimo kinachokipokea ni kidogo na hakina kina: ni kama chungwa juu ya kisahani. Kinachoshikwa na kano na misuli tu ni rahisi kuponyoka. Zaidi ya mara 9 katika 10, mfupa unatokea upande wa mbele.

Likitokea kazini, USIVUTE! Rafiki mwenye nguvu anaweza kuvunja mfupa au kuumiza mishipa ya fahamu. Ufunge mkono kwa kitambaa kama ulivyo, vua pete na saa, mjulishe kapita, na mpeleke mgonjwa kwa mganga siku ileile. Ngozi ya begani ikifa ganzi, au vidole vikiwa baridi, ni haraka zaidi. Na aliyepigwa na umeme aangaliwe vizuri: bega lake linaweza kutokea nyuma, bila uvimbe wa kuonekana. Dalili yake ni mkono kukataa kugeuka kuelekea nje.

Bega lililotoka mara ya kwanza, kwa kawaida halihitaji kisu. Mganga anapiga picha ya radiografi kuona kama kuna mfupa uliovunjika, anatoa dawa ya kutuliza maumivu, kisha anarudisha mfupa polepole. Theodor Kocher wa Uswisi alieleza njia yake ya kurudisha bega tangu mwaka 1870. Baadaye mgonjwa anavaa kitambaa shingoni kwa wiki 1 hadi 3, halafu anafanya mazoezi ya kutia misuli nguvu kwa miezi kadhaa. Wengi wanakosea hapa: maumivu yakiisha, wanatupa kitambaa, wanashika sururu.

Basi kupasua kunahitajiwa wakati gani? Angalia mambo matatu.

1. Umri. Kijana wa chini ya miaka 20 ana hatari kubwa: zaidi ya nusu ya vijana kama yeye bega hutoka tena. Aliyepita miaka 40, kurudia ni kwa nadra, lakini kano zake huchanika kwa urahisi. Baada ya wiki chache akishindwa kuinua mkono, arudi kwa mganga.

2. Kazi. Anayeinua mikono juu ya kichwa, anayepanda ngazi au kubeba mzigo mzito, analijaribu bega lake kila siku.

3. Limetoka mara ngapi. Mnamo mwaka 1923 Bankart, mpasuaji wa London, alionyesha kwamba ukingo wa kishimo huchanika upande wa mbele. Usiposhikana tena, mlango unabaki wazi. Kila mara bega linapotoka, mfupa nao unaendelea kulika.

Mpasuaji anaweza kushona ukingo huo. Mfupa ukiwa umelika, kuna njia ya Latarjet wa Lyon, ya mwaka 1954: kipande kidogo cha mfupa wa jirani kinahamishwa na kufungwa kwa skrubu mbele ya kishimo, kizuie kama ukuta. Uchunguzi umeonyesha kwamba vijana waliopasuliwa hurudiwa kwa uchache kuliko wale waliofanya mazoezi peke yake. Lakini kisu nacho kina hatari zake: kidonda kuingia vijidudu, mishipa kuumia, bega kukakamaa. Kina gharama, na kazi nzito inangoja miezi 4 hadi 6.

Kwa hiyo, aliyepatwa mara moja asikimbilie kisu. Na aliyepatwa mara tatu asijizoeze kulirudisha mwenyewe shimoni. Bega likitoka akiwa ngazini, ataanguka yeye na mwenzake aliye chini. Mjini Goma kuna wapasuaji wa mifupa. Hospitali ya HEAL Africa yenyewe ilianzishwa na mpasuaji wa mifupa, Jo Lusi. Nenda na picha zako, uulize.

Akina mama, mkiona baba au kijana anashindwa kuvaa shati bila kuogopa, msinyamaze. Mkono huo ndio unaoleta unga nyumbani.

BEGA LILILORUDI SI BEGA LILILOPONA. TULITUNZE!