Kompyuta Isiyochungulia: Mapigano ya Tanga Yachezwa Oloipiri

Michezo ambayo binadamu hucheza kwa kete yaweza kugawanywa katika mafungu mawili. Katika fungu la kwanza kila kitu ki wazi mbele ya wachezaji wote wawili. Katika fungu la pili kila mchezaji hujua mambo ambayo mwenzake hayajui. Tofauti hii yaonekana ndogo, lakini kwa kompyuta ni kubwa mno, nami nitaieleza kwa kisa kilichonipata wakati wa likizo huko Oloipiri, katika tarafa ya Loliondo, Wilaya ya Ngorongoro.

Bao ni mchezo wa fungu la kwanza, na vivyo hivyo enkeshui ya Wamasai. Mzee mmoja wa Oloipiri alinishinda mara tatu mfululizo chini ya mgunga, hali nilikuwa nakiona kila kijiwe chake. Habari zote nilikuwa nazo. Kilichonipungukia ni hesabu. Ndiyo maana kompyuta huimudu michezo ya namna hii. Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal wa Chuo Kikuu cha Vrije, Amsterdam, waliupima mchezo wa awari, ambao ni ndugu wa bao kutoka Afrika Magharibi. Walizichunguza hali zake zote 889,063,398,406, wakathibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea hutoka sare.

Vita havina uwazi huo. Mwaka 1824 Luteni Georg von Reisswitz wa Prussia alitoa kanuni za mchezo wa kuwafundisha maofisa. Ndani yake mwamuzi ndiye aliyejua yote, na kila upande uliambiwa yale tu ambayo wapelelezi wake wangeweza kuyaona. Mwaka 1972 nchini Kanada ulitolewa mchezo uitwao Quebec 1759, ambao ulitumia njia rahisi zaidi: kete za mbao husimamishwa wima juu ya ramani, alama zikimwelekea mwenyewe, na adui akaona mgongo mtupu. Kila ubavu wa kete una tarakimu, na ile iliyo juu ndiyo nguvu ya kikosi. Kikipigwa, kete huzungushwa robo mzunguko, na 4 ikawa 3. Nguvu hiyo ndiyo idadi ya dadu zitakazorushwa. Ikiwa 5 na 6 ndizo zinazopiga, kikosi chenye nguvu 3 kina uwezekano wa 8/27 wa kutompiga mtu yeyote.

Kwa kufuata mtindo huo nilichora ramani ya Tanga. Msomaji atakumbuka kwamba tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza iitwayo Fox iliutaka mji huo usalimu amri, kisha ikaondoka kwenda kuzileta meli za askari. Muda huo ulimfaa Paul von Lettow-Vorbeck kuwaleta watu wake kwa garimoshi kutoka Moshi. Jenerali Arthur Aitken alikuwa na watu wapatao 8,000 waliotoka Bara Hindi. Wajerumani pamoja na askari wao Waafrika walikuwa 1,000 hivi. Aitken aliamini kwamba mji hauna walinzi wa maana, wala hakufanya upelelezi wa kutosha. Tarehe 5 majeshi yake yalirudi melini baada ya kupoteza watu zaidi ya 800, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea. Nyuki waliowauma wapiganaji husimuliwa sana; mimi naona wametwishwa lawama isiyo yao. Tarehe 3 kikosi kingine cha Waingereza kilishambulia Longido, ng'ambo ya Ziwa Natron ukitazama kutoka Oloipiri, nacho kikarudi nyuma usiku huo. Nakiri kwamba ramani yangu haikuwa na kete za wapagazi, ambao walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita hivyo na kutuachia jina la Kariakoo.

Wanafunzi wa sekondari waliokuwa likizoni waliupenda mchezo, lakini waliokuja walikuwa wengi kuliko kete. Basi nikaandika programu ili kompyuta iwe mchezaji wa pili. Ikawashinda wote. Hapo msichana wa kidato cha tatu, aliyekuwa akitazama kimya, akasema, "Mwalimu, mashine hii inachungulia."

Alikuwa amesema kweli. Kompyuta ilikuwa ndiyo mwamuzi, kwa hiyo mahali pa kila kete palikuwa pameandikwa ndani yake. Nami sikuwa nimeikataza sehemu inayocheza kuyasoma maandishi hayo. Ikabidi nitenge daftari mbili: moja ya ukweli, na nyingine ya yale ambayo upande ule ungeweza kuyajua.

Baada ya hapo mashine hukisia. Tuseme adui ana kete nne tofauti katika mahali panne. Mipangilio yake ni 4 × 3 × 2 × 1, yaani 24. Kete moja ikienda hatua mbili, na ikiwa ni mbili tu kati ya zile nne ziwezazo mwendo huo, hubaki mipangilio 12. Kete zikiwa kumi, mipangilio ni 3,628,800. Kwa hiyo mashine huchagua kwa bahati nasibu mipangilio 200 isiyopingana na yaliyoonekana, huucheza kila mmoja kimoyomoyo hadi mwisho, kisha hushika hatua yenye wastani bora.

Sasa wanafunzi waliweza kuidanganya. Lakini yule msichana alitambua jambo la pili: ilipokuwa upande wa Waingereza, mashine haikupeleka kikosi mbele kutazama hata mara moja. Nilipotafakari niliona sababu. Katika kila mchezo wa kukisia kete za adui zilikwisha kufunuliwa, na anayejua tayari hana haja ya kupeleleza. Ukichukua wastani wa michezo 200 ambayo upelelezi hauna faida, utapata kwamba upelelezi hauna faida. Kosa la Aitken lilikuwa limezaliwa upya ndani ya hesabu yangu, na kijana mmoja akaliandika jina lake kwa chaki juu ya kifuniko cha kompyuta.

Dawa ipo. Mashine hulazimishwa kutumia mpango mmoja katika mipangilio yote isiyoweza kuitofautisha. Hapo ndipo kuona kunakuwa na thamani. Niliirekebisha usiku huo. Hesabu yake, hata hivyo, ni ndefu sana. Kesho yake mashine ilitanguliza kikosi kimoja Ras Kasone, kikasimama na kutazama, na sisi sote tukapiga makofi. Betri iliisha kabla haijaamua hatua ya nne, tukarudi kwenye kete za mbao.