Mzazi naye aonje ugumu wa lugha ya kigeni

Wazazi wengi humlipia mtoto karo, wakamnunulia na kamusi ya Kifaransa, kisha wakaona wamemaliza. Mtoto huyo hurudi nyumbani ambako hana hata mmoja wa kusema naye. Akikosea darasani huchekwa. Akinyamaza huitwa mvivu. Nathubutu kusema kwamba aghalabu si ugumu wa lugha unaowafanya wanafunzi waliache somo hilo, bali upweke.

Mwaka 2018 binti yetu, aliyekuwa kidato cha pili, alitutangazia kuwa Kifaransa kimemshinda. Hatukumkaripia. Desemba ile, tulipofunga safari kwa gari kwenda Mombasa kuwaona wazee, nilimwomba jambo moja tu: atufundishe sisi tangu Nairobi hadi tufike.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na Kifaransa changu kilikomea kwenye 'bonjour'. Mwendo ni wa takriban kilomita 480, na malori ni mengi, nafasi ilikuwapo. Tulianza kusoma nambari za magari. Hadi sitini mambo yalikwenda vyema. Kumbe kazi huanzia sabini! Mfaransa husema sitini na kumi, 'soixante-dix'. Themanini ni ishirini nne, 'quatre-vingts'. Basi lilipotupita gari ambalo tarakimu zake za mwisho zilikuwa 97, ilinipasa kutamka ishirini nne na kumi na saba, usukani nao mkononi. Nilipomaliza, gari lenyewe lilikuwa limekwisha kutokomea. Watoto walicheka hadi machozi. Kisha binti yetu akanisahihisha taratibu, tena na tena. Mama yao aliponung'unika kwamba meza ni ya kike na kitabu ni cha kiume, nilimkumbusha kuwa wageni nao hunung'unikia ngeli zetu.

Mtito Andei tulisimama kunywa chai, penye malori ya shehena za nchi za bara. Dereva mmoja wa Bukavu alimsikia mtoto akihesabu. Kwa Kiswahili cha kwao, akatueleza kuwa Kongo hawahangaiki hivyo: sabini ni 'septante', tisini ni 'nonante', kama walivyosema Wabelgiji waliowatawala. Kitabu cha binti yetu hakikumwambia hayo. Akamwuliza swali kwa Kifaransa, lake la kwanza kwa mtu asiye mwalimu. Alikosea, dereva akamjibu vivyo hivyo, bila kucheka.

Wapo watakaosema kwamba matamshi mabovu ya mzazi yatamharibu mtoto. Matamshi mwalimu atayanyosha. Ujasiri wa kufungua kinywa ndio mgumu kuupata darasani peke yake. Wengine watasema si kila mtu ana gari. Naam, lakini hata dirishani mwa matatu nambari zaonekana, tena huko hakuna mzazi anayeshika usukani.

Rwanda na Burundi zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, na Kongo ilijiunga mwaka 2022. Kifaransa, basi, ni lugha ya jirani. Walimu wenzangu, mbona likizo zikija mwawapa wanafunzi mazoezi ya kuandika tu? Wapeni maswali kumi ya kuwauliza wazazi wao njiani.

Binti yetu hakuliacha somo. Mimi tisini ya Wafaransa ingali inanishinda. Hutumia ile ya Bukavu.