Manyoya ya Baridi ya Farasi: Nyoa Kidogo, Lipa Kidogo

Mwezi wa Kumi ukishika Uingereza, vinyozi wa farasi huwa na simu nyingi kuliko nafasi. Ukimpata mmoja, atakuuliza kwanza unataka kunyoa kiasi gani. Bei zake hazitishi. Kifua na chini ya shingo, utakuta kati ya pauni 25 na 40. Karibu mwili mzima, kati ya 50 na 80. Wengi husikia tofauti ya pauni 40 hivi na kusema, basi nyoa yote, tumalize. Usiseme hivyo kabla ya kupiga hesabu ya miezi minne inayofuata.

Farasi huota manyoya ya baridi kwa sababu mchana umefupika. Ndiyo maana farasi wa Ngong, Nairobi, ambako mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima, hawaoti manyoya mazito namna hii. Manyoya yakiwa makavu husimama na kushika hewa karibu na ngozi, na hewa hiyo ndiyo joto lenyewe. Farasi mzima wa afya, mwenye nyasi za kutosha na mahali pa kujikinga na mvua, hustahimili usiku wa barafu bila blanketi. Kila sehemu unayonyoa itabidi uifunike, na blanketi haligawiwi bure.

Sababu kubwa ya kunyoa ni jasho. Farasi anayefanya kazi akiwa na manyoya mazito hutoka jasho haraka, kisha hukaa amelowa kwa saa nyingi huku upepo ukimpiga. Kama farasi wako anatembezwa taratibu mwisho wa wiki tu, usimnyoe, na pesa hiyo nunua nyasi. Farasi wazee wenye ugonjwa wa Cushing, ambao hushindwa kupuputisha manyoya, ni habari nyingine. Hao waulizie kwa daktari wa mifugo.

Kabla ya kumpigia kinyozi, fanya jaribio lisilo na gharama. Mpande farasi kama unavyompanda siku zote, usizidishe, kisha mvue tandiko na umtazame kwenye mwanga. Utaona manyoya yaliyolowa yamelala na kugeuka rangi, kwa kawaida kifuani, chini ya shingo, palipopita mkanda wa tandiko na kati ya mapaja. Chukua chaki uzungushe mstari pembeni mwa sehemu hizo. Baada ya saa moja ingiza vidole hadi kwenye ngozi. Palipokauka, acha. Palipo na unyevu bado, hapo ndipo pa kunyolewa. Watu wengi wakifanya hivi hugundua kwamba mgongo na kiuno ni vikavu kabisa, na ndivyo vinavyopigwa na mvua zaidi.

Kwa anayepanda siku mbili au tatu kwa wiki, kunyoa kifua na chini ya shingo kunatosha mara nyingi. Farasi huyo anaweza kulala nje, na blanketi moja jepesi lisilopitisha maji litamfaa siku za mvua ya upepo.

Akitoka jasho zaidi, ongeza tumbo na chini ya mbavu, au chagua mtindo wa Kiayalandi: mstari mmoja ulionyooka kutoka nyuma ya sikio ukishuka hadi mbele ya paja la nyuma, chini yake panyolewe, juu paachwe. Huu ndio ninaoupendekeza kwa mwenye pesa kidogo. Mistari yake ni michache, kinyozi humaliza haraka, na hata anayejifunza hawezi kuharibu sana.

Kuna mtindo unaoacha manyoya mgongoni na kiunoni, kama blanketi, na miguuni, shingo na tumbo vikiwa wazi. Huo unahitaji farasi anayefanya kazi siku nne au zaidi kwa wiki. Mtindo wa wawindaji huondoa yote isipokuwa miguu na kipande cha chini ya tandiko. Miguu huachwa ili ikingwe na miiba na matope. Mtindo huo ni wa farasi anayefanya kazi ngumu karibu kila siku na kulala bandani. Kumnyoa hivyo farasi wa matembezi ni kujitafutia deni.

Sasa piga hesabu ya mablanketi. Farasi aliyenyolewa karibu wote hawezi kuishi na moja. Anataka jepesi la nje, la kati lenye gramu 200 za sufi bandia kwa mita ya mraba, zito la gramu 300 au zaidi, moja la bandani, na la kufyonza jasho baada ya kazi. Jepesi ni pauni 40 hadi 70, zito ni 90 hadi 160. Ukijumlisha yote, pauni 300 hupita upesi, na bado hujanunua la akiba kwa siku lile la nje litakapolowa au kuchanika. Majira ya kuchipua yakifika yote yanataka kufuliwa na kutiwa dawa ya kuzuia maji, pauni 10 hadi 20 kila moja.

Blanketi la nje usilinunue kwa bei peke yake. Tazama namba ya kitambaa: 600D huchanika haraka kwa farasi anayegombana na wenzake malishoni, 1200D au 1680D ni ghali kidogo lakini hudumu misimu kadhaa. Rahisi ghali. La mitumba ni sawa, ila limwagie maji kwanza, subiri, kisha pitisha mkono upande wa ndani.

Gharama mbili hufichika zaidi. Kwanza ni nyasi: mwili uliokosa manyoya hutafuta joto kwenye chakula. Akiongeza robota moja dogo kwa wiki, kwa pauni 5 hadi 8, wiki 16 zitakula pauni 80 hadi 128. Pili ni mikono. Mablanketi hubadilishwa asubuhi na jioni kadiri hali ya hewa inavyogeuka, na baadhi ya mabanda ya kupanga hutoza kila wakikubadilishia. Ukiwa kazini mchana kutwa, uliza bei hiyo kabla ya kunyoa.

Je, ununue mashine yako? Imara ya kunyolea mwili ni pauni 250 hadi 400. Ukimlipa kinyozi pauni 45 mara mbili kwa msimu, mashine itachukua misimu mitatu hadi mitano kurudisha pesa yake, bila kuhesabu kunoa visu, kama pauni 10 kila mara. Kwa farasi mmoja, mwite kinyozi. Mkiwa watu watatu banda moja, changeni. Vile vimashine vidogo vya pauni 60 ni vya kusawazisha tu. Mwilini hupata moto na kumuunguza farasi. Ukinunua iliyotumika, iwashe dakika kumi mbele ya mwenyewe uishike. Ya waya ichomeke kwenye swichi inayokata umeme pakitokea hitilafu, na sakafu iwe kavu.

Mwogeshe farasi mapema, akauke kabisa. Uchafu huharibu visu, na wapo vinyozi wanaotoza zaidi kwa farasi mchafu au wanaogeuza gari na kuondoka. Farasi mwoga akihitaji dawa ya kutuliza, ada ya daktari inaweza kuzidi ya kinyozi, kwa hiyo mzoeshe mlio wa mashine siku kadhaa kabla. Na kama unashindana, sharubu za puani na za kuzunguka macho zisiguswe: Shirikisho la Kimataifa la michezo ya farasi, FEI, lilikataza tangu Julai 2021.

Ukiwa bado unasitasita, agiza kifua tu wiki hii. Manyoya ya baridi huendelea kuota, kwa hiyo wengi hurudia kunyoa baada ya wiki kadhaa, na mara ya mwisho huwa kabla Januari haijaisha, kwa kuwa baada ya hapo manyoya ya kiangazi huanza kujitokeza. Muulize kinyozi mambo mawili kabla hajaja: nauli imo ndani ya bei au huongezwa juu yake, na Desemba ukiongeza kutoka kifua hadi mtindo wa Kiayalandi, atakutoza kipande kilichoongezeka au kazi nzima upya.