Mwanga Unaopotea Kanisani

Mzee ashindwapo kusoma kitabu cha nyimbo katika ibada ya jioni, kwa kawaida hulaumiwa macho yake. Na wengi wakishindwa, hulaumiwa taa. Kamati ya kanisa hukutana, michango hukusanywa, na taa nyingine hutundikwa kando ya zile za zamani. Baada ya miaka michache kilio hurudi kile kile, na gharama ya umeme imepanda.

Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya mwanga uliokwisha kulipiwa haifiki unakotakiwa. Hupotea njiani, baina ya taa na kitabu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya atakaye kuboresha taa za kanisa ni kuurudisha mwanga uliopotea kabla ya kununua mwingine.

Safari ya mwanga

Mwanga utokao katika taa hupimwa kwa lumeni. Mwanga ufikao juu ya kitu hupimwa kwa luksi: lumeni 1 ikienea juu ya mita 1 ya mraba, mahali hapo pana luksi 1. Jua kali la mchana hutoa kiasi cha luksi 100,000, na mwezi mpevu hautoi hata luksi 1. Ili waumini wasome bila taabu, luksi 150 hivi juu ya viti hufaa. Lakini ifahamike kwamba jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha hadi ndani kiasi cha theluthi moja tu ya mwanga upitao katika jicho la kijana wa miaka 20. Taa zimtoshazo mwanakwaya kijana huenda zisimtoshe bibi yake.

Umbali ndio mwizi wa kwanza. Mwanga ufikao moja kwa moja kutoka taa ndogo hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Taa iliyo mita 6 juu ya kitabu ikiteremshwa hadi mita 3, kitabu kilicho chini yake hupata mwanga mara nne zaidi, bila kuongeza hata wati moja. Makanisa mengi yana dari ndefu na taa zimebanwa juu kabisa. Kuzining'iniza chini kwa minyororo ni dawa rahisi, mradi zisiwaangaze watu machoni.

Mwizi wa pili ni kuta na dari. Ukuta uliopakwa chokaa safi hurudisha zaidi ya robo tatu ya mwanga uupigao. Mbao nyeusi za zamani huumeza karibu wote. Mwizi wa tatu ni uchafu. Moshi wa mishumaa na wa ubani hupanda na kuganda juu ya vioo vya taa. Vumbi huingia kwa madirisha, buibui hutandaza nyavu, na masika yakifika kumbikumbi hujaa ndani ya taa na kufia humo. Wizi huu huenda polepole mno, na kwa sababu jicho huzoea giza, hakuna autambuaye.

Hesabu ya kanisa moja

Tuchukue kanisa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, yaani mita za mraba 200. Luksi 150 zahitaji lumeni 30,000 juu ya viti. Ikiwa kuta zimefifia na taa zimewekwa vibaya, nusu tu ya mwanga hufika chini. Na ikiwa taa hazisafishwi, robo ya mwanga wake huzuiliwa na uchafu na uchakavu. Taa hazina budi kutoa:

30,000 ÷ (0.5 × 0.75) = lumeni 80,000.

Sasa tuseme kuta zimepakwa chokaa na taa husafishwa kila baada ya miezi michache. Sehemu ifikayo chini yaweza kupanda hadi 0.6, na sehemu isiyozuiliwa na uchafu hadi 0.8:

30,000 ÷ (0.6 × 0.8) = lumeni 62,500.

Tofauti ya lumeni 17,500 imepatikana kwa brashi, ndoo ya chokaa na kitambaa. Hakuna duka liuzalo mwanga kwa bei hiyo.

Taa za zamani na taa mpya

Balbu ya waya unaowaka ya wati 100 hutoa lumeni 1,300 hivi; umeme mwingine wote huwa joto. Kupata lumeni 80,000 kwahitaji balbu kama 62, yaani wati 6,200. Taa za diodi, zijulikanazo madukani kama taa za LED, hutoa kiasi cha lumeni 100 kwa kila wati, na zingetosha wati 800. Kanisa liwashalo taa saa 6 kwa juma lingetumia katika mwaka uniti 1,934 kwa balbu za zamani, na uniti 250 tu kwa taa za LED. Ugunduzi wa diodi ya mwanga wa buluu, uliowezesha kutengeneza taa nyeupe za namna hii, ndio uliowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Taa za mrija, zilizotumika makanisani kwa miaka mingi, zimo katika hali nyingine. Ndani yake mna zebaki, ambayo ni sumu. Mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata ziliamua kwamba utengenezaji wa taa hizo, pamoja na kuziingiza na kuzitoa nchini, ukomeshwe kufikia mwisho wa mwaka 2027. Kanisa lenye taa hizo lisingoje mpaka zikosekane madukani. Na mrija ukivunjika, madirisha yafunguliwe, watoto waondolewe, na vipande viokotwe kwa karatasi ngumu, visifagiliwe.

Kubadili kuna hatari zake. Mrija wa LED hauingizwi kiholela mahali pa mrija wa zamani: baadhi hutaka balasti iondolewe na nyaya ziungwe upya, na hiyo ni kazi ya fundi umeme. Tena taa ya LED, ijapokuwa yapoa kuliko balbu, ina vipande vya elektroniki visivyopenda joto. Ikifungiwa ndani ya tufe la kioo lisilopitisha hewa, hufa mapema kuliko saa zilizoandikwa kwenye boksi lake.

Hatari iliyo ndani ya ukuta

Kanisa lililoongezewa taa mwaka baada ya mwaka mara nyingi hutumia nyaya zile zile za awali. Wati 6,200 kwa volti 230 huvuta ampea 27, hali waya mmoja wa taa kwa kawaida hulindwa kwa fyuzi ya ampea 5 au 10. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, huonekana mtu wa kuweka kipande cha waya mnene mahali pake. Taa huwaka, watu hushukuru, na tangu siku hiyo kinachopata moto ni waya ulio darini, karibu na mbao kavu na vumbi la miaka mingi. Wati 800 huvuta ampea 3.5 tu. Hivyo taa mpya hupunguza gharama, na pia huondoa mzigo juu ya nyaya. Hata hivyo nyaya zilizopasuka mpira hazina budi kubadilishwa, taa ziwe za namna yoyote.

Madhabahu na jengo la kale

Madhabahuni hesabu ya luksi peke yake haitoshi. Taa iliyo juu kabisa ya kichwa cha mhubiri humtia vivuli machoni, na waumini hawauoni uso wake. Mwanga utokao mbele, kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, kulia na kushoto, huuonyesha uso vizuri. Dirisha kubwa nyuma ya madhabahu huleta shida iliyo kinyume: jicho hujirekebisha kwa mwangaza wa dirisha, na kasisi huonekana kama kivuli cheusi. Aangazwe kutoka mbele, au dirisha lipunguzwe ukali kwa pazia jepesi. Rangi ya mwanga nayo yafaa ichaguliwe: taa za kelvini 2,700 hadi 3,000 zina wekundu kidogo unaokaribia ule wa mshumaa, nazo hupatana na mbao na mavazi ya ibada. Zile za kelvini 6,500 huleta weupe wa baridi kama wa ofisini.

Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, Zanzibar, ni mfano wa jengo litakalo uangalifu zaidi. Ujenzi wake ulianza mwaka 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka huo huo, chini ya uongozi wa Edward Steere, ambaye Waswahili wanamfahamu kwa kazi zake za sarufi na tafsiri. Paa lake limejikunja kama nusu ya pipa, na kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Kuta za namna hii huvuta unyevu na kuutoa. Zikipakwa rangi ya plastiki, unyevu hunaswa ndani na lipu hubanduka. Kwa hiyo mng'ao wake urudishwe kwa chokaa yenyewe. Nyaya nazo zipitishwe juu ya ukuta kwa nadhifu, badala ya kuuchimba. Hewa ya bahari ina chumvi ilayo vishikizo vya chuma, hivyo vya shaba au plastiki ngumu hudumu zaidi.

Zanzibar ilikosa umeme wa gridi kwa muda wa mwezi mmoja hivi mwaka 2008, na kwa miezi mitatu kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010. Funzo lake ni kwamba kila kanisa liwe na taa chache za akiba milangoni na kwenye ngazi. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100, hata ikitumiwa nusu tu, yaweza kuwasha taa za wati 40 kwa muda wa saa 15 hivi.

Matunzo

Daftari la taa ligharimu shilingi chache, nalo huokoa nyingi. Humo huandikwa tarehe ya kila taa kuwekwa, kusafishwa na kubadilishwa. Zifaa kusafishwa baada ya masika na baada ya kiangazi. Swichi kuu izimwe kwanza, taa ziachwe zipoe, kitambaa kiwe na unyevu kidogo tu, na ngazi ishikwe na mtu mwingine. Pale panapohitaji kupanda juu sana, ni bora kukodi kiunzi na kubadili taa zote za upande mmoja kwa siku moja kuliko kupanda mara kumi kwa taa kumi.

Jaribio la darasani

Katika karne ya 19 Mjerumani Robert Bunsen alitumia kipimo cha mwanga ambacho shule yoyote yaweza kukiunda. Dondosha tone la mafuta ya kupikia katikati ya karatasi nyeupe. Katika chumba chenye giza, weka balbu mbili za aina moja zikitazamana kwa umbali wa sentimita 200: moja safi, nyingine chafu kama ilivyotolewa kanisani au darasani. Simamisha karatasi baina yao, uisogeze mpaka doa la mafuta lisionekane tena. Hapo pande zote mbili zapata mwanga sawa.

Tuseme karatasi iko sentimita 110 kutoka balbu safi na 90 kutoka balbu chafu. Uwiano wa mwanga wao ni (90 ÷ 110) kwa kipeo cha pili, yaani 0.67. Balbu chafu imepoteza theluthi ya mwanga wake. Kisha ifutwe vizuri, jaribio lirudiwe, na matokeo yapelekwe kwa kamati ya kanisa kabla haijaitisha mchango mwingine.